Mashuka Meupe ya Chujio

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, dada yake mkubwa, nisome habari za mdogo wetu, na anayetaka kusikia kwamba marehemu hakuwa na kasoro atafute msomaji mwingine.

Marehemu, ambaye mlimwita Chujio mpaka mkasahau jina alilopewa na baba, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu na wa kwanza kubishana na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959, akasoma chuo cha ufundi hadi Desemba 1971, na tarehe 10 Januari 1972 akaajiriwa kwenye kituo cha umeme wa makaa ya mawe, pale mnapoliona bomba la moshi, akianza kwa kuzoa majivu.

Tarehe 2 Juni 1979 alimuoa mwalimu wa hesabu, wifi yangu huyu aliyekaa mbele, wakakaa nyumba za kazini, upande ambao moshi hauendi, wakapata mabinti wawili, 1981 na 1984, ambao aliwachosha kwa kuwaambia kwamba umeme utatakiwa zaidi kesho kuliko leo, makaa yatachomwa tupende tusipende, basi mwenye akili ayachome bila kuwalisha majirani vumbi.

Kwa hiyo mwaka 1996 ulipowekwa mtambo wa kunasa vumbi la moshi kabla halijatoka bombani, akapewa yeye kuusimamia, hakuamini mita peke yake, alipita mtaani kwetu, upande moshi unakoelekea, kutazama kamba za nguo, akisema shuka jeupe halijui kudanganya.

Shuka halijui, sisi tunajua. Vumbi lilipungua, kisha likarudi, tukachoka kufua mara mbili mbili, tukaanza kuanika ndani, mimi wa kwanza, na alipouliza mbona kamba tupu nikamjibu kwamba mambo ni safi, aache kuchungulia nguo za wanawake, akacheka, akaenda kuandika kwamba mtaa hauna malalamiko. Aliandika hivyo miaka tisa, akastaafu tarehe 31 Machi 2011 na cheti cha pongezi, akahamia kwa wakwe zake, na mtambo haukuguswa, maana kisicholalamikiwa hakitengenezwi.

Kifua kilimbana Agosti 2022, akaletwa kwangu awe karibu na hospitali, nami kwa upumbavu nikamlaza chumba cha kuanikia. Aliyatazama mashuka yaliyoning'inia juu ya kitanda, akauliza tangu lini, nikamwambia tangu 2002. Laiti angenigombeza. Alisema tu kwamba vyuma vya kubadilisha kwenye mtambo vilikuwepo stoo, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 19 Februari 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, wafanyakazi wenzake, na majirani, hata ninyi mlionifuata kuanika ndani. Meneja wa kituo nimemuona, amekaa pale nyuma, naye akitoka apite kwangu aone mashuka, siku hizi kamba iko uani.

Mdogo wangu, shuka lililofunika jeneza lako nililianika nje jana, lina madoa ya vumbi, na sikulifua. Pumzika kwa amani.