Boksi la Mti wa Harusi

Kwenye treni ya kwenda Koriyama, Japani, mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata boksi la spika kama mjukuu. Mama wa kiti cha pembeni akaligonga kwa kidole, bila hata hodi.

"Mbao ya kiri hii, ule mti mwepesi," akasema. "Mzee wangu, umeharibu. Boksi linatakiwa liwe zito, litulie. Hili jepesi litatetemeka lenyewe, na besi itavuma kama mtu anayeongea na chakula mdomoni."

"Kumbe mama ni fundi?"

"Mume wangu anayaunda. Sebule nzima ni maboksi." Hapo nikaelewa uchungu wake.

Mzee akacheka. "Mti huu tulimpandia binti yetu Chizuru alipozaliwa, tuje tumchongee kabati la harusi. Sasa ana miaka arobaini, harusi hataki, anataka muziki. Nikaukata nimtengenezee hili."

"Na besi ikimkera?"

"Atanipigia simu anigombeze. Tangu nimsumbue na habari za kuolewa, hajapiga."

"Je, ikitoka nzuri?"

Mzee aliligonga boksi polepole, akatega sikio, akaligonga tena, mpaka milango ikafunguka Koriyama.