Mado Mwamini na ndama waliochoka njiani

Ninyi mliotoka Kasongo kwa pikipiki, ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Kabambare, nanyi majirani wa hapa Wamaza mliokaa nasi tangu Jumanne, asanteni kwa kutushika mkono. Tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, ni Mado Mwamini, mke wa Papa André Lwamba. Maneno haya yanaeleza njia aliyopita. Kuna neno moja lililotusumbua mpaka jana mchana: nani aandikwe kuwa mtoto wake. Tutafika huko.

Mado alizaliwa Nyangwe, tarehe 12 Machi 1968, akiwa wa tatu katika nyumba ya watoto watano. Baba yake alikuwa mvuvi wa mto Lualaba, mama yake alilima mpunga. Alikuwa mtoto wa kunyamaza na kuangalia. Mama yake aliwaambia wageni, "Huyu asiposema kitu, mjue amekwisha kuwaona."

Mwaka 1975 alipelekwa Kasongo kwa mjomba wake, akaanza shule ya msingi. Siku moja mwalimu aliuliza darasani, ng'ombe anatupa nini. Mmoja akasema nyama, mwingine maziwa, mwingine ngozi ya ngoma. Mado akainua mkono, akasema, "Anatupa kazi." Darasa lote likacheka, na mwalimu pia. Alisoma mpaka mwaka wa nne, kisha macho ya mama yake yakaharibika, akarudi Nyangwe kumshika mkono njiani na shambani. Hakurudi tena darasani, na hakulalamika.

Papa André alikuwa kijana wa Wamaza aliyekuja Nyangwe kununua samaki. Juma moja alikuja mara tatu, hata kwao Wamaza wakaanza kuuliza kama ameamua kuwaua kwa miiba ya samaki. Walifunga ndoa kanisani tarehe 5 Agosti 1989, naye Mado akahamia hapa. Miaka ikapita, mtoto hakuja. Tunalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Mwaka 1993 Papa André alinunua mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Ndoto yake ilikuwa zizi lenye mama: mmoja azae, binti yake azae, na nyumba isikose ng'ombe kamwe. Lakini hapa karibu hapakuwa na dume. Mara tatu Mado na mume wake walimfunga kamba mtamba yule wakamtembeza hadi Kabambare, wakamwacha kwa mwenye dume, wakaenda kumchukua. Mara tatu hakushika mimba. Alikula, akanenepa, akaangalia watu.

Ndipo Mama Cécilia, dada mkubwa wa Papa André, alisimama kwenye mlango wa zizi akasema mbele ya majirani, "Hapa sasa iko wawili wanakula bila kuzaa."

Watu wakatazama chini. Mado alikuwa ameshika fungu la majani. Akasema polepole, "Basi wifi, kesho utuletee majani mingi. Sisi tuko wawili."

Mama Cécilia alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake alileta majani kweli. Tangu siku ile wakawa mawifi wa kutaniana, na hakuna siku iliyopita bila wao kurushiana neno. Lakini Papa André anasema jioni ile mke wake hakula.

Vita vilipokuja mwishoni mwa 1996, walikimbilia msituni na chungu kimoja na mkeka. Mtamba hakukubali kuvuka mto, wakamwacha. Waliporudi hawakukuta hata kamba yake. Vikafuata vita vingine, na kukimbia kwingine. Mwaka 2004, nchi ilipotulia kidogo, Papa André akaanza tena habari ya mtamba. Mado akakataa. Waliokuwa wakipepeta mpunga uani walisikia yote.

"Mama ya ngombe ni mali," alisema Papa André. "Ndama ya kununua ni mgeni tu. Anakula, anaenda."

"Ndiyo namutaka mgeni," alijibu Mado. "Papa, mama ya ngombe anaomba amani ya miaka. Abebe, azae, anyonyeshe, mutoto yake akomae. Nani ametuahidi hiyo miaka? Ndama anaomba amani ya mvua moja. Ile, pengine Mungu atatupatia."

Papa André alipepeta, akasema, "Lakini zizi la ndama kila mwaka linabaki tupu."

"Kila mwaka linajaa tena."

Hivyo ndivyo walivyochagua, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka ishirini. Wafanyabiashara waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka upande wa Fizi kwenda kwa wachinjaji wa Salamabila walipita Wamaza, na daima kulikuwa na ndama ambao miguu iliwashinda. Wengine waliwaona kama hasara. Mado aliwanunua kwa bei ya uchovu wao. Juma la kwanza hakuwapa chakula kingi, ila maji, chumvi kidogo na kivuli, kwa sababu tumbo lililochoka likishibishwa ghafla linavimba. Baadaye pumba za mpunga, maganda ya muhogo yaliyokauka na majani ya viazi vitamu. Mvua ikiisha, ndama aliyeletwa akiburuta kwato alikuwa anasukuma ukuta wa zizi. Hapo alimkabidhi kwa mswagaji, naye akampeleka Salamabila kwa Mama Aïcha, mwenye biashara ya nyama. Wanawake hao wawili waliaminiana kwa simu tu, bila kuonana.

Haikuwa kazi bila msiba. Mwaka 2012 inzi wa mtoni walileta homa, ndama wanne wakafa. Papa André hakusema "nilikuambia". Alichimba shimo tu. Mado alilikumbuka jambo hilo mpaka mwisho, akisema ndiyo siku aliyojua ameolewa na nani.

Na watoto walikuja kwa njia hiyo hiyo. Sifa alikuja mwaka 2000, mama yake alipofia njiani wakikimbia, naye alikuwa na miaka minne. Pitchou aliachwa mwaka 2008 na baba yake aliyekuwa anaenda kuchimba dhahabu Salamabila. Alisema atarudi mwezi kesho. Naomie aliletwa na bibi mmoja mzee mwaka 2010, meno hayajajaa mdomoni, na bibi huyo hakuishi mwaka. Mado hakumtafuta hata mmoja wao, wala hakumrudisha hata mmoja.

Mama Cécilia alimtania, "Wifi, unaokota watoto kama ndama."

"Ndama nauza," alijibu Mado. "Hawa, nani atanipa bei yao?"

Aliwalea kwa sauti ndogo. Mtoto akikosa, alimwita zizini amsaidie kubeba maji, na hapo penye ndoo ya pili mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kusema kosa lake.

Mwezi wa Septemba mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, akawa anapumzika kati ya nyumba na zizi. Pitchou alimpakia kwenye pikipiki, Sifa nyuma akimshika, wakampeleka hospitali Kasongo. Daktari alisema moyo umechoka. Muuguzi alipotoka akauliza, "Mtoto wa mgonjwa ni nani?" Wawili waliitika pamoja, na wa tatu akaitika kwenye simu. Alirudi nyumbani kabla ya Noeli. Mama Cécilia alihamia hapa, akawa anamkanda miguu na kumtukana kwa upendo.

Siku zake za mwisho Papa André alikaa kando ya kitanda, akamwuliza, "Sasa ninunue mtamba?"

"Uliza Sifa," alisema. "Ndiye atakaa na zizi. Mimi nilichagua kwa wakati yangu. Yeye achague kwa wakati yake."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Machi, saa kumi na moja alfajiri, hapa nyumbani, akiwa na miaka hamsini na sita.

Sasa lile neno. Jana, tulipoketi kupanga karatasi hii, Mama Cécilia alisema desturi ni desturi: mtu ambaye hakuzaa, huandikwa kwamba hakuacha mtoto, na udongo wa kwanza hutupwa na kijana wa ukoo. Akamtaja mwanawe Blaise. Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Sifa alisimama akaenda kupakua chakula cha wageni. Pitchou akafuta pikipiki iliyokuwa safi tayari. Naomie alibaki na kalamu mkononi.

Wakati huo Mama Aïcha aliingia, ametoka Salamabila, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumjua mtu yeyote hapa. Akamwinamia Mama Cécilia aliyekuwa karibu na mlango, akamwuliza, "Pole, mama. Watoto ya marehemu wako wapi, niwape mkono?"

Mama Cécilia akanyoosha kidole. "Yule anapakua ni mukubwa. Yule wa pikipiki, anamufuata. Na huyu hapa wa kalamu ni kitinda mimba."

Mama Cécilia akautazama mkono wake ulionyooka, akaushusha polepole mapajani.

"Andikeni," alisema. "Mukono imenitangulia."

Basi imeandikwa. Marehemu Mado Mwamini ameacha mume, Papa André Lwamba. Wifi yake, Mama Cécilia. Mpwa wa mume wake, Blaise. Kaka mmoja na dada wawili huko Nyangwe. Wajukuu wawili kwa Sifa. Na watoto watatu: Sifa, Pitchou na Naomie. Sifa atatupa udongo wa kwanza, na Blaise amesema yeye atashika jembe.

Mungu ampokee Mama Mado kwa upole, na alale salama.