Mwanya wa Bibi Harusi

Kwenye basi, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mwanamke mshonaji aliyepakata mfuko wa vitambaa, na binti aliyekuwa akienda kwa daktari wa meno. Binti alimwambia anakokwenda, na kwamba anaolewa Jumamosi.

"Hongera, mwanangu! Unakwenda kuyang'arisha meno?"

"Hapana, mama. Nilikuwa na mwanya, nikauziba nilipoajiriwa mapokezi. Leo nakwenda kuufungua."

Mshonaji aligeuka mwili mzima. Sisi wa nyuma tulinyamaza kwa adabu, ili tusikie vizuri.

"Wiki ya harusi? Wenzako wanalilia meno kama hayo! Picha hazifutiki, mwanangu. Subiri hata Jumatatu."

"Hizo picha ndizo zinazonipeleka," binti alijibu bila kupandisha sauti. "Mwanya ule ulikuwa wa marehemu mama. Siku niliyouziba nilirudi nyumbani nikicheka. Baba akanitazama, akasema nimependeza kama mtu wa kwenye tangazo, kisha akaenda kukaa chumbani peke yake. Jumamosi atanishika mkono yeye. Nataka ajue anamwoza nani."

"Na mchumba wako je?"

"Yeye atauona kwa mara ya kwanza. Akikimbia, atakuwa amenipunguzia kazi."

Mshonaji alitaka kucheka, akajizuia. "Mimi ningesubiri Jumatatu," alisisitiza.

Basi likasimama, binti akashuka. Mshonaji akatoa kichwa dirishani. "Haya, lakini kwenye picha ufunge mdomo!"

Binti aligeuka, akamchekea kinywa wazi, meno yote yakiwa bado yamebanana, kisha akaingia kwa daktari.