Jicho la Kushoto la Fundi Mashimo

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake na Baba, poleni, na asanteni kwa kusimama nasi tangu Ijumaa. Mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu miaka miwili na nusu ya mwisho nilikuwa naye kazini kila siku, na naomba mnivumilie, maana humu kuna sehemu moja ambayo kikao cha familia kiliona ni afadhali isisomwe, nami nimeiacha palepale ilipo.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1975, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na Bibi alikuwa akitusimulia kwamba alianza kuchora kwa mkaa kabla hajaweza kutamka jina lake sawasawa, na kwamba siku moja alichora mjusi ukutani karibu na kitanda, Babu akamtandika mjusi yule kwa kandambili mpaka kandambili ikakatika mkanda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1993, na mwaka uliofuata akaingia kwa fundi wa kuandika mabango, akajifunza herufi kwa miaka mitatu, kisha akajitegemea, akaandika majina ya maduka, saluni na bucha za mitaa mingi mnayoijua, mpaka zilipokuja mashine za kuchapa mabango, na kazi ya herufi ikaanza kukauka mkononi mwake.

Hapo ndipo alipoanza kazi iliyomjulisha kwenu, ya kuchora vitu visivyokuwepo. Alichora dirisha lililo wazi kwenye ukuta wa wodi ya wazazi, lenye pazia linalopepea, na ndani ya wiki ile mama mmoja akamwomba muuguzi alifunge kwa sababu mtoto anapigwa na baridi. Mwaka 2001 alichora msumari na futi ya kupimia nguo kwenye ukuta wa chumba cha mafundi cherehani, na fundi mmoja akanyoosha mkono mara tatu kuichukua, mara ya tatu akiwa na mteja mbele yake, wenzake wakacheka mpaka wakaacha kukanyaga cherehani. Fundi yule ni Mama yetu, ambaye husema alikubali kuolewa ili apate nafasi ya kulipiza, wakafunga ndoa tarehe 2 Agosti 2003, wakajaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa tarehe 9 Juni 2007, na wadogo zangu pacha waliozaliwa tarehe 21 Novemba 2012.

Mwezi wa saba mwaka 2016, baada ya mtoto wa darasa la pili kugongwa na gari mbele ya lango la shule ya msingi, mwalimu mkuu alimwomba Baba afanye jambo lolote analoliweza, naye akachora shimo kuvuka barabara nzima, lenye kingo za lami iliyovunjika na giza chini yake. Tangu siku ile magari hupunguza mwendo pale na hakuna mtoto mwingine aliyegongwa. Dereva mmoja wa lori alishuka siku ya kwanza na fimbo, akapima kina, naye yupo hapa leo, ni Baba Mdogo, mdogo wake Baba wa kuzaliwa, ambaye watu hawajaacha kumtania kwa fimbo ile mpaka leo. Hapo ndipo Baba alipopata jina la Fundi Mashimo, na kila alipopita watu walimwambia angalia shimo, naye alicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia.

Niliacha shule mwezi Machi 2022, nikiwa kidato cha pili, kwa sababu msaidizi wake aliondoka na nyumbani mambo hayakuwa mazuri, tukakubaliana ni kwa muhula mmoja, na muhula ule ukawa mrefu. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mti, yaani mti mfupi wenye tundu tulioukita mahali atakaposimama mtazamaji, nachungulia kwenye tundu lile kwa jicho moja na kumwelekeza kushoto, kulia, sogeza, basi, kwa sababu mchoro wa namna hii hukaa sawa ukitazamwa kutoka sehemu moja tu. Baba alinifundisha kufumba jicho la kushoto, kama alivyofanya yeye kwa zaidi ya miaka ishirini, akisema macho mawili hubishana lakini moja linakubali, na alizoea mno hata akinywa chai alikaa amelifumba.

Sasa nafika kwenye sehemu ile. Baba Mdogo, nisamehe, wewe ulisema mambo ya miili ya watu wa nyumbani hayasomwi hadharani, nami nilikuitikia, lakini nimesikia chini ya turubai hili watu wakinong'ona kwamba marehemu alikuwa amelewa, na Baba hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Tarehe 17 Septemba mwaka huu, siku ya Jumanne, saa kumi jioni, tulikwenda kufufua rangi ya shimo la shuleni. Siku moja kabla, mafundi wa maji walikuwa wamechimba mtaro kuvuka barabara ileile, hatua kama kumi na tano kabla ya kulifikia shimo letu, wakaufunga utepe, na sijui upepo au nani aliuangusha. Baba alitangulia na kopo la rangi, mimi nikabaki nyuma na mti wetu begani, vijana wa gereji wakampigia kelele aangalie shimo, yeye akacheka na kuwapungia mkono. Mimi nikauona mtaro, nikaita, "Baba, shimo," na akanijibu bila kugeuka, "Najua, ni langu." Ndiyo maneno yake ya mwisho akiwa amesimama kwa miguu yake, na yeyote aliyemwona akiingia mtaroni huku anacheka, naelewa kwa nini alidhani amelewa.

Alivunjika paja, akalazwa hospitali ya wilaya, wodi namba tatu. Siku ya nne muuguzi akatambua kwamba kila kikombe kinachowekwa upande wake wa kushoto kinapinduka, akamwita daktari wa macho. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa dirishani, daktari akamfunika jicho la kulia kwa kiganja, na Baba akauliza kwa upole, "Nani amezima taa?"

Jicho la kushoto lilikuwa limekufa muda mrefu, na la kulia lilibaki likiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa usiouma wala kupiga hodi, na Baba hakuujua kwa sababu jicho lililokufa ndilo alilolifumba siku zote. Mimi pia sikujua, ingawa miezi mingi alikuwa akipiga teke makopo ya rangi yaliyokuwa kushoto kwake, na nilimwambia mbele za watu kwamba ana ugomvi na upande ule, tukacheka wote, na sasa nalihesabu kila kopo.

Tarehe 11 Oktoba, Ijumaa, saa mbili asubuhi, damu iliyoganda mguuni ilipanda mapafuni, na Baba akatuacha akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Daktari alisema jambo jingine, na hili ndilo lililofanya kikao kisitake nisome. Ugonjwa huu hupita kwenye damu, ndugu wa marehemu na watoto wake wapimwe mapema, kwa kuwa ukiwahiwa unazuilika kwa dawa ya matone, ukichelewa hakuna kinachorudi. Baba Mdogo, najua unaendesha lori na najua unachoogopa, na mimi ninaogopa hichohicho. Juzi niligonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango wa jikoni, huenda ni uchovu wa msiba, huenda sivyo, na tangu hapo sijathubutu kujifunika jicho, jambo ambalo ni jepesi kuliko kufunga kifungo cha shati. Jumatano tarehe 16, saa tatu asubuhi, mimi na pacha tutakuwa kliniki ya macho, daktari ametuandika, na amekuandika na wewe na Shangazi.

Familia inawashukuru daktari wa macho na wauguzi wa wodi namba tatu, kinyozi aliyeung'oa mlango wa kibanda chake ili Baba abebwe juu yake, vijana wa gereji walioubeba, mwalimu mkuu na wanafunzi wake, na mafundi wa maji waliokuja kumtazama kila Jumapili, ambao hatuwalaumu.

Kabla sijakaa, naomba jambo moja. Jina la Baba kwenye jeneza nimeliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, mnaliona hata mlio nyuma. Kila mmoja afunike jicho la kulia kwa kiganja alisome, kisha afunike la kushoto alisome tena, na asiyeliona kwa jicho mojawapo asiseme ni vumbi. Nami nitafunika pamoja nanyi, sasa hivi.

Pumzika kwa amani, Baba, safari hii umefumba yote mawili.