Kibuyu Kisichopanda Meli

Wanachama wenzangu, mwadila. Naona wa nyuma mmeshaanza kucheka na bado sijasema kitu. Chekeni tu. Mwenyekiti ameniomba nisimulie nilivyompoteza mke na nilivyompata tena, maana humu wamo vijana wanaotaka kuoa mbali. Majina sitataja. Mimi mnanijua: karani wa mizani kwenye gulio la pamba, mtu wa nyumbani. Nilipopelekwa sekondari nililia njia nzima. Watu wakasema huyu anaogopa masomo. Nililia kitanda changu.

Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kumpenda muuguzi kutoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa. Posa ilipelekwa na baba yangu mdogo. Mahari, baba mdogo. Hata mtoto wetu wa kike alipozaliwa, aliyekwenda kumpa mkwe taarifa ni baba mdogo. Mimi nilikuwa na kazi. Ndugu zangu, nawaambia, mtu asiyetaka kusafiri hakosi kazi.

Mtoto alipoanza kutembea, mke wangu akaenda naye kwao kumwuguza mama yake. Mama akapona, mke harudi. Ikaja salamu kwa mdomo wa mfanyabiashara mmoja wa kahawa: "Mkwe wako anauliza, binti yake alimwoza kwako au kwa baba yako mdogo? Anataka uje mwenyewe, na pombe iliyopikwa kwenu. Bila hivyo, binti haondoki."

Dada yangu, huyu aliyekaa pale amefunika mdomo kwa kanga, akapika pombe ya mtama ya kumwaibisha chifu. Akaitia kwenye kibuyu kikubwa, akaziba kwa majani. Nikapanda lori la pamba mpaka Mwanza, nimekikumbatia kama mgonjwa.

Bandarini, mlangoni pa meli, palisimama msimamizi mwenye kofia. Akakinusa kibuyu.

"Hiki nini?"

"Zawadi ya mkwe."

"Ni pombe. Kinywaji cha nje hakipandi melini. Sheria."

Nikadhani ni sisi wa daraja la tatu tu. La! Mbele yangu Mzungu mmoja mwenye suti nyeupe alikuwa anapigia kelele kasha lake la mvinyo. Nalo limezuiwa, litafungiwa stoo mpaka Bukoba. Akaambiwa ana baa huko juu, anunue humo. Kila mtu akibeba chake, baa itamwuzia nani?

Nikaona hapo nina hoja. Nikasema, "Bwana, sisi wa chini mnatuuzia humo baa?"

"Hapana. Wa daraja la tatu hamruhusiwi."

"Basi mimi ambaye hamniuzii, naharibu biashara gani?"

Akairekebisha kofia yake. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. "Sheria ni sheria," akasema.

"Kifungieni stoo basi, pamoja na kasha la yule bwana."

"Stoo ni ya daraja la kwanza."

Jamani! Siruhusiwi kununua, siruhusiwi kubeba, siruhusiwi kuhifadhiwa. Nikajaribu la mwisho. "Bwana, hii ni togwa tu, ya watoto." Na kibuyu, mtoto wa haramu yule, kikatoa povu kupitia kwenye majani, shhh, mbele ya watu wote.

"Togwa gani inakoroma?" akauliza msimamizi. Akanipa hiari: nikimwage ziwani nipande, au nibaki nacho. Nimwage pombe ya dada yangu, niende kwa mkwe mikono inaning'inia? Nikabaki. Meli ikaondoka. Nikarudi na lori lile lile, na kwa hasira kibuyu tukakimaliza njiani mimi, dereva na mzee mmoja wa Buseresere, ambaye alinipa pole kila alipojaziwa.

Mngeniacha hapo ningekuwa na heshima kidogo. Lakini mimi ni msomi. Nikawaza: samli inaruhusiwa. Kwa nini kibuyu kisiwe cha samli? Dada akapika tena. Mimi nikachukua nta ya nyuki, nikaziba mdomo wa kibuyu barabara, harufu isitoke hata chembe. Dada akaniambia, "Kaka, pombe inapumua. Ukiiziba pumzi itakasirika." Nikamjibu kwamba mambo ya jikoni nimwachie yeye, ya safari aniachie mimi. Mimi! Mtu ambaye hajawahi kuvuka maji makubwa kuliko mto wa kwetu.

Mnacheka mapema. Haya.

Lori lilinitikisa siku nzima juani. Kufika mlangoni pa meli, msimamizi yule yule. "Leo nini?"

"Samli, bwana."

Akainama, akagonga kibuyu kwa kidole ili asikie.

Nta iliruka, sijui ilianguka wapi. Pombe ikampata usoni, kwenye kofia, kwenye vifungo vyote vya shaba. Kina mama wenye mikungu ya ndizi wakapiga vigelegele wakidhani ni sherehe. Yeye akabaki amesimama, anatona. Akajilamba mdomo, akasema taratibu, "Samli hii imeiva vizuri." Halafu akanifukuza bandarini.

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Habari ilifika hapa kabla yangu. Watu wazima wakaja mizanini na pamba yao wakinisalimu, "Shikamoo, Bwana Samli." Nikaacha kwenda kanisani. Nikaacha kula vizuri. Mtu wa kupenda nyumba nikaanza kuichukia, maana haikuwa na sauti ya mtu ndani yake. Kisha yule mfanyabiashara wa kahawa akapita tena, safari hii bila utani. "Mkeo anasema uje. Mtoto sasa anamwita babu yake 'baba.'"

Nilikwenda kwa dada, nikaketi kwenye kinu chake. Sikuona haya, nililia. Nikalaani meli, nikalaani sheria, nikalaani ziwa. Yeye alikuwa anapepeta kimea cha mtama, hakuinua hata kichwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Meli inakataza pombe. Inakataza unga?"

"Haikatazi."

"Chukua unga wa mtama na unga wa kimea. Pombe ukaipikie huko huko."

"Nani aipike?"

"Una mikono."

Kwetu mwanamume hapiki pombe, mnajua. Anainywa na kuisifu au kuilaumu. Dada alinifundisha jikoni kwake, mlango umefungwa, na bado nusu ya kijiji ilichungulia.

Mlangoni pa meli kwa mara ya tatu, msimamizi aliponiona alirudi nyuma hatua moja. "Kibuyu kiko wapi?"

"Leo sina, bwana. Unga."

Akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa unga mpaka kiwiko. Akaupapasa kwa muda mrefu. Unga haukumfanya kitu. "Pita," akasema, na nadhani alisikitika kidogo.

Kutapika nilitapika. Tuyaache hayo.

Mkwe nilimkuta kwenye migomba yake. Nikamwamkia, akaitika. "Pombe ya kwenu iko wapi?"

"Hii hapa, baba. Ila bado ni unga."

Alicheka mpaka akashika mgomba. Kisha akamkataza mke wangu asinisaidie hata kuchochea moto. Nikapika siku kadhaa uani kwa watu, moshi machoni, majirani wamejaa na viti vyao. Mke wangu alikaa pembeni akiniambia, "Baba mtoto, sufuria inaungua," na hakuinuka. Siku ya kwanza mwanangu alinikimbia. Siku ya pili akasogea kuona mtu anayekohoa hivi. Pombe ilipoanza kupanda povu, alikuwa mapajani kwangu, ananiita baba.

Mkwe akaonja. Uso wake ukakunjamana wote. "Mbaya," akasema. "Mbaya sana." Akanywa tena. "Sasa ndiyo nimemjua niliyemwozesha binti yangu."

Nikarudi na mke na mtoto. Siku ya kuondoka mzee akatoa kibuyu cha rubisi, pombe yao ya ndizi, nimpelekee mama yangu. Nikapiga magoti. "Baba, nakuomba. Meli." Nikamweleza yote, tangu kasha la Mzungu mpaka samli. Akawaza. Akasema, "Basi nitaileta ikiwa bado ndizi."

Nilidhani ni utani.

Nawashukuru dada yangu, aliyenipa akili na hanidai shukrani, ananidai sufuria niliyoiunguza jikoni kwake. Chama hiki, mlionishikia mizani nilipokuwa safarini, bila kuniambia. Na mke wangu, aliyengoja. Vijana, mkioa mbali, nendeni wenyewe. Mkizuiwa na pombe, bebeni unga.

Na yule mzee mgeni pale mlangoni, mnayejiuliza ni nani, ndiye mkwe. Amefika juzi na mikungu ya ndizi iliyojaza nyumba yangu mpaka kitandani. Anasema hataondoka mpaka iive, ikamuliwe, itiwe unga wa mtama wa dada, inywewe. Ndizi hukamuliwa kwa miguu, na yangu peke yake haitoshi. Mkutano ukifungwa, karibuni nyumbani. Mnawe miguu kwanza.