Simu Mpya ya Kebirigo Ilinirudishia Jina

Bwana asifiwe, kanisa! Leo nasimama mbele yenu nikiwa na jina langu, kwa maana lilikuwa limepotea.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Kemunto, yule wa simu pale posta ya Nyamira. Ukitaka kuongea na mtu wa Kisii, ulipitia kwangu nikuunganishie waya. Mtambo ulikuwa umezeeka. Mvua ikinyesha, na hapa kwetu ni lini hainyeshi, sauti zilififia, watu wakapiga kelele kama wanafukuza tumbili shambani.

Sasa Mzee Onchari, mzee wa kanisa letu mwenye duka na simu kule Kebirigo, akamwambia ndugu yake wa Kisii kwa simu kwamba anauza shamba la majani chai. Wanawe hawakuwa wanajua. Kufika jioni soko zima linajua, na wanawe wamemjia juu. Akasema ni mimi. Nani mwingine alikuwa kwenye laini? Nikatolewa kwaya. Wakubwa wa posta wakanionya kwamba nikitajwa tena, kazi imekwisha. Hata mume wangu alianza kunisalimu kama mgeni. Nililia! Nikamwambia Mungu, sina shahidi ila wewe.

Mungu akaleta mafundi. Hawakuung'oa ule mtambo kwa pupa. Waliweka mpya kando yake, wakahamisha laini moja moja, wakijaribu kila moja kabla ya kukata ya zamani, ili hospitali isikose simu. Sasa mtu anazungusha namba mwenyewe, hapitii kwa mtu. Mimi nikapewa kuuza stempu. Watu walinihurumia, na mimi moyoni nacheka!

Siku moja nikatumwa pamoja na fundi mmoja kwenda Kebirigo kuijaribu simu ya Mzee Onchari. Akazungusha namba, akapaza sauti vilevile kama zamani. Mara akatugeukia, ameshangaa. Ndugu yake analalamika kwamba anamuumiza sikio.

Mama anayeuza ndizi barazani akachungulia mlangoni. "Mzee, sisi tumekuzoea. Hata lile shamba tulikusikia ukiliuza, tumekaa hapa hapa."

Ndugu zangu, hakuna aliyekuwa amemuuliza!

Mzee akaweka simu chini. "Mwanangu," akaniambia, "nimekukosea." Nikaimba njia nzima kurudi Nyamira.

Wewe unayesingiziwa leo, mtumaini Bwana. Shahidi wako pengine ameketi mahali anauza ndizi. Mzee Onchari ndiye yule pale mbele. Siku hizi akishika simu, hakuna anayejua anauza nini, na mimi nalala usingizi.