Nani Atamfuta Mjomba Fungua?

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia maktaba yetu, fundi wetu wa kompyuta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili lipo kwenye faili za utawala, lakini humu ndani sote tunamwita Mjomba Fungua, kwa sababu ni nadra asubuhi kupita bila mtu kupaza sauti kutoka kaunta kwamba mashine imegoma, mjomba aje afungue.

Alianza kazi kama mfunga vitabu, enzi ambazo kompyuta ilikuwa moja tu na ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Mashine zilipoongezeka akajifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza, mpaka utawala ukamhamishia upande huo. Anadai gundi ya vitabu haijamtoka kwenye kucha mpaka leo. Mke wake anasema huo ni uchafu tu.

Uwanja wake hasa ulikuwa ile skrini ya kuingilia, pale unapochagua jina lako na kuandika nenosiri. Siku moja kompyuta ya kaunta ilimkatalia kila mtu. Vidoti vya nenosiri vilijijaza vyenyewe, hadi dada wa mapokezi akaanza kukemea mapepo. Mjomba akaja, akatazama, akaondoa rundo la vitabu vilivyorudishwa lililokuwa limelalia kibodi. Hakucheka mbele yetu. Alicheka alipofika stoo, na tulimsikia.

Safari nyingine mambo yalikuwa magumu kweli. Unaandika nenosiri, linakubaliwa, skrini inapepesa, halafu inakurudisha pale pale ulipoanza. Wasomaji wamejaa mlangoni, mkurugenzi jasho linamtoka. Mjomba akapitia njia yake ya nyuma, ile ya maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, akakuta diski imejaa pomoni: mama wa kitengo cha watoto alikuwa amehifadhi humo video zote za harusi ya mwanawe. Akazihamisha bila kupoteza hata moja, na mkurugenzi alipouliza akajibiwa kwamba mashine ilivimbiwa. Mama mwenyewe ndiye aliyeturuhusu tuyaseme haya leo.

Lakini tutakachokikumbuka zaidi ni picha. Skrini ile ilikuja na vivuli vya kijivu mahali pa sura za watu, na Mjomba hakuvipenda hata kidogo. Akatupiga picha mmoja mmoja pale dirishani, akaweka kila sura juu ya jina lake, kisha akakuza herufi kwa ajili ya mkutubi mkuu asiyeona vizuri. Mlinzi, ambaye kompyuta haigusi kabisa, aling'ang'ania naye awemo. Akawekwa.

Na mtu akistaafu, Mjomba alikuwa na utaratibu wake. Anamkalisha kwenye kiti cha kaunta, sisi tumemzunguka, aandike nenosiri mara ya mwisho, aangalie kazi zake, atoke mwenyewe kwenye mfumo. Ndipo Mjomba anafuta jina na picha, kisha anatokomea eti kutafuta waya. Waya wenyewe hatukuwahi kuuona.

Kwa hiyo mwezi huu wote tumekuwa tukibishana: yeye atafutwa na nani? Kanuni ni kanuni, anayeondoka habaki kwenye mfumo. Fundi mpya amekataa katakata. Mkurugenzi alijitolea, akakaa mbele ya skrini, akainuka ghafla akidai ana kikao. Mwishowe tukapatana kimyakimya: siku ya sherehe ya kumuaga tutamkalisha kitini, na kitufe tutakibonyeza sote kwa pamoja. Tuliona tukiwa wengi tutaweza.

Aya hii imeongezwa asubuhi ya leo, kijitabu hiki cha sherehe kikiwa tayari kwenda kuchapwa. Tumewasha kompyuta ya kaunta, na hayupo. Alitutangulia kufika, akajifuta peke yake, na sura zetu zimesogea zikaziba nafasi yake. Dada wa mapokezi amelia, na si yeye peke yake.

Mjomba, asante kwa kila asubuhi uliyotuokoa. Tunakutakia afya njema, usingizi mtamu na wajukuu wasiokuita kila dakika. Ila kwa hili umetuonea. Siku ya sherehe njoo ukae kwenye kile kiti, hata kama hakuna cha kufuta. Sisi bado hatujakuaga.